Kiporo, Makombo na Sheria

Waswahili, ambao riziki haikuwafikia daima kwa pishi iliyojaa, wamekipa chakula kilichosalia majina mawili, wala hawayachanganyi. Wali uliobaki chunguni usiku, ukafunikwa kwa kawa, ukaamkiwa asubuhi kwa chai ya rangi, huitwa kiporo; na kiporo hakina aibu, kwani wapo waapao kwamba wali wa nazi wa jana una utamu usiopatikana katika wali wa leo. Lakini kile kilichokwisha kuingia sahanini, kikaguswa kwa mkono, kisha kikaachwa, huitwa makombo. Nayo makombo hayapewi mgeni wala jirani, huendea kuku na paka. Huenda wali ni ule ule, wa chungu kimoja na moto mmoja, na kilichoutenga ni hukumu ya watu tu: huu ungali riziki ya mtu, na huu umekwisha kutoka katika daraja hiyo.

Nimetanguliza maneno haya ya jikoni kwa sababu lipo taifa kubwa, lenye mabunge na mahakama na wanazuoni wasiohesabika, lililotumia zaidi ya miaka 70 na vifungu vingi vya sheria kuitafuta hukumu hiyo kwa ajili ya watoto wake wa shule. Taifa hilo ni Marekani, ambako kila siku ya masomo takriban watoto milioni 30 hula chakula cha mchana kilichopangwa, kupimwa na kulipiwa, chote au sehemu yake, kwa nguvu ya sheria iliyotiwa saini mwaka 1946. Kisa cha sheria hiyo chafaa kusimuliwa kwa Kiswahili, maana makosa yake yameandikwa wazi tangu mwanzo hata leo, na kosa la mwenzio lililoandikwa ni elimu isiyodai ada.

Ziada iliyotafuta tumbo

Nasaba ya chakula cha shule cha Marekani haianzii darasani, inaanzia zizini. Mwaka 1933, wakati mdororo mkuu wa uchumi ulipokuwa umewashusha wakulima hata bei ya nguruwe sokoni haikutosha kulipia mahindi aliyoyala, serikali ya Rais Franklin Roosevelt iliamini kwamba dawa ya bei ni uchache wa bidhaa, ikanunua nguruwe zaidi ya milioni 6, wengi wao wachanga, ikawachinja ili wasipate kukua na kulijaza soko. Sehemu ya nyama ilitiwa chumvi ikagawiwa maskini. Lakini wengi wa wanyama wale, kwa kuwa walikuwa wadogo mno kwa mitambo ya machinjio, waligeuzwa mafuta ya viwandani na mbolea. Habari hizo zilipoenea katika miji ambako watu walikuwa wakisimama foleni kungoja mkate na supu, ghadhabu ilikuwa kubwa, kwani njaa peke yake binadamu huweza kuistahimili kwa subira, ila njaa iliyopakana na israfu haina subira inayoitosha.

Serikali ikatanabahi. Mwaka huo huo kikaundwa chombo cha kununua ziada ya mashamba na kuigawa kwa wenye dhiki, na mwaka 1935 kikapitishwa kifungu ambacho hata leo hujulikana kwa nambari yake tu, Kifungu cha 32, kilichotenga asilimia 30 ya mapato ya ushuru wa forodha kwa kazi ya kuiondoa sokoni ziada ya mazao. Walakini ziada hiyo haikuweza kupewa mtu yeyote, maana mwenye fedha akipewa bure hanunui tena, na bei ya mkulima huanguka kama awali. Palihitajika matumbo yenye njaa na yasiyo na fedha, tena yapatikanayo kwa wingi mahali pamoja, na matumbo ya sifa hizo yalikuwa yameketi madarasani. Basi maziwa, maharagwe, tufaha na unga vikaanza kumiminika katika majiko ya shule, na wanawake wasio na ajira wakaajiriwa na serikali kuvipika. Kisha vita kuu ya pili ikaingia, majeshi yakahitaji chakula, ziada ikatoweka, na shule nyingi zikazima majiko yao. Ndipo ilipobainika kwamba mtoto anayelishwa kwa ziada hulishwa kwa bahati.

Vita hiyo hiyo, iliyoinyang'anya shule ziada, iliipa hoja. Jenerali Lewis Hershey, aliyesimamia uandikishaji wa askari, aliliarifu Bunge kwamba vijana wengi walioitwa na kupimwa walikataliwa kwa udhaifu wa mwili uliohusiana na lishe duni. Kwa hoja hizo mbili, ya mkulima na ya askari, Seneta Richard Russell wa Georgia na wenzake waliupitisha mswada wao, na Rais Harry Truman akautia saini tarehe 4 Juni 1946. Madhumuni yake yametajwa mwanzoni bila kificho: kwamba ni sera ya Bunge, ikiwa ni hatua ya usalama wa taifa, kuilinda siha ya watoto na kuhimiza ulaji wa mazao ya nchi yenye lishe. Tena usimamizi wake haukupewa wakuu wa elimu. Ulikabidhiwa Wizara ya Kilimo, na uko huko hata leo. Mwenye kuizingatia nasaba hii hatayastaajabia yaliyofuata, kwani sheria iliyozaliwa ili kuyaondoa mabaki ya shambani ilikuja kuyahamishia mezani kwa mtoto.

Trei yenye vyumba vitano

Mlo kamili wa mwaka 1946 uliandikwa kwa vipimo kama dawa ya tabibu: maziwa robo lita kasoro kidogo, nyama au kitu cha badala yake, mboga na matunda, mkate, na vijiko viwili vidogo vya siagi. Shule iliyotaka ruzuku yote ya mlo huo ilipaswa kumpa kila mtoto kila kimojawapo. Kwa hiyo kwa karibu miaka 30 mtoto asiyekunywa maziwa alipewa maziwa, na asiyekula mboga alipewa mboga, akaibeba trei yake kutoka dirisha la jikoni hata mezani, na kutoka mezani hata kwenye pipa la taka, huku madaftari ya serikali yakiandika kwamba amelishwa. Maana sheria ilikuwa inahesabu kilichotolewa, haikuwa na habari ya kilicholiwa.

Mwaka 1975 Bunge, kwa sheria ambayo Rais Gerald Ford aliikataa nalo likaipitisha juu ya kukataa kwake, liliweka kanuni mpya kwa shule za sekondari: mwanafunzi asilazimishwe kupokea kitu asichokusudia kukila. Baadaye ruhusa hiyo ilitelemshwa kwa madarasa ya chini, kwa hiari ya shule zenyewe. Katika mpango wa sasa shule huweka mbele ya mtoto mafungu matano, yaani matunda, mboga, nafaka, nyama au badala yake, na maziwa. Naye, shule yake ikiwa inaifuata kanuni hiyo, anatakiwa kuchukua matatu tu, mradi mojawapo liwe nusu kikombe cha tunda au mboga. Ni kanuni ambayo bibi yeyote wa Pwani angeitoa bila kuitisha baraza, akisema mtengee mtoto, usimshindilie. Lakini kwa serikali ilikuwa ni kukiri jambo zito, kwamba mlaji wa chakula cha umma, hata akiwa mdogo, ana ulimi wake na hiari yake.

Hata hivyo penye fedha ya hazina vipimo vya lishe havikosi kuvutwa na mikono mingi. Mwaka 1981, serikali ya Rais Ronald Reagan ilipokuwa ikipunguza matumizi, Wizara ya Kilimo ilipendekeza kanuni ambazo kwazo vikolezo kama achari na sosi ya nyanya, ile ya chupa, vingeweza kuhesabiwa kuwa mboga. Nchi nzima ikacheka, na pendekezo likaondolewa baada ya wiki chache. Miaka 30 baadaye, Novemba 2011, Bunge lenyewe liliingiza katika sheria ya bajeti sharti la kuihifadhi hesabu ya zamani ya rojo zito la nyanya, ambayo kwayo vijiko viwili vikubwa vya rojo hilo, vikipakwa juu ya pizza, huhesabiwa sawa na nusu kikombe kizima cha mboga. Nakuomba, msomaji, uiweke akilini sheria hiyo ya 2011, kwani tutakutana nayo tena katika jambo la heri.

Baina ya vichekesho hivyo viwili palipita mageuzi ya kweli. Tarehe 13 Desemba 2010 Rais Barack Obama, ambaye mkewe Michelle alikuwa amelivalia njuga suala la siha ya watoto, alitia saini sheria iliyofungua njia ya kuongeza matunda, mboga na nafaka zisizokobolewa, na kupunguza chumvi. Kanuni zake zilipoanza kutumika mwaka 2012, magazeti yalijaa malalamiko kwamba serikali imewanunulia watoto mboga za kutupa. Wanazuoni wa Harvard waliopima chakula kilichobaki katika shule nne za mji mmoja, kabla ya kanuni hizo na baada yake, waliona vingine: watoto waliochukua matunda waliongezeka, kiasi cha mboga kilicholiwa kikapanda, na israfu haikuzidi. Lakini waliona pia kwamba israfu ilikuwa kubwa tangu hapo, nayo ikabaki kubwa. Uchunguzi wa taifa zima ulioagizwa na Wizara ya Kilimo kwa mwaka wa masomo wa 2014 na 2015 ulionyesha kwamba asilimia 31 ya mboga na asilimia 29 ya maziwa viliachwa. Ni kama kusema kwamba katika kila ndoo kumi za maziwa zilizokamuliwa kwa ajili ya watoto hao, karibu tatu zilimwagwa.

Katika maziwa hayo unaonekana ukaidi wa nasaba. Mtoto aliye chini ya kanuni ile ya hiari anaruhusiwa kuyakataa, lakini shule haina ruhusa ya kutoyaweka mbele yake katika mlo wowote, wala ya kufanya jambo lenye kuzuia yasiuzwe. Na penye foleni ya watoto wenye haraka, kilichowekwa mbele ya mkono mara nyingi huchukuliwa kwa mazoea, kikafika mezani, kikarudi hakijafunguliwa. Mkulima wa 1935 bado ameketi katika meza ile, ingawa watoto hawamwoni.

Kiporo kipewe nani?

Hayo ni ya makombo. Kiporo nacho kina mashaka yake. Tuseme jiko la shule limepikia watoto 500, wakaja 430. Chakula cha watoto 70 kimebaki jikoni, hapana mkono uliokigusa. Akili husema kipewe wenye haja. Walakini kwa miaka mingi wasimamizi wengi walikitupa, na sababu waliyoitoa ilikuwa hofu ya mahakama: mlaji akiugua, ni nani atakayedaiwa fidia? Jawabu la kitaifa lilipatikana tarehe 1 Oktoba 1996, Rais Bill Clinton alipotia saini sheria iliyopewa jina la Bill Emerson, mbunge wa Missouri aliyefariki mwaka huo huo. Sheria hiyo, ambayo jina lake kamili linamtaja pia Msamaria Mwema wa Injili, inasema kwa ufupi kwamba anayetoa kwa nia njema chakula kinachofaa, kupitia shirika la hisani, hatadaiwa kwa madhara yatakayotokea, isipokuwa kama ulikuwapo uzembe uliokithiri au kusudi la kudhuru. Yule Msamaria wa kwanza alimhudumia majeruhi njiani bila kumwuliza wakili. Wa siku hizi amehitaji kinga, na si vema kumlaumu, kwani amezaliwa katika nchi ya madai.

Pamoja na kinga hiyo shule zilibaki na shaka, maana chakula chao kilinunuliwa kwa fedha ya serikali, na mtumishi wa umma huogopa kugawa mali ya umma hata ikiwa ni ndizi moja. Shaka hiyo iliondolewa Novemba 2011, na ile ile sheria ya bajeti iliyoilinda pizza: katika kurasa zake kiliingizwa kifungu kinachozipa shule ruhusa ya wazi ya kutoa chakula kilichobaki kwa mashirika ya hisani, zikiwa chini ya kinga ya 1996. Ndivyo miswada ilivyo, shehena moja hubeba lulu na changarawe. Januari 2023 kinga ikapanuliwa tena, na shule zikatajwa miongoni mwa wanaoweza kumpa mhitaji chakula mkononi pasipo kupitia kwa shirika.

Mwaka 2016 Wizara ya Kilimo ilitoa waraka juu ya jambo dogo zaidi, nalo kwa maoni yangu ni zuri kuliko yote: meza ya kushirikiana. Ni meza, au kapu, au jokofu dogo lililowekwa ndani ya bwalo, ambapo mtoto huweka tufaha zima asilolitaka, pakiti ya maziwa isiyofunguliwa, au kifuko cha karoti ambacho hakijakatwa. Na mtoto mwingine mwenye njaa hujichukulia bila kuomba na bila kuulizwa. Maziwa hukaa katika baridi isiyozidi nyuzi 5, chakula kilichofunguliwa hakipokelewi, na kisichochukuliwa huweza kutengwa tena siku nyingine au kutolewa kwa hisani, mradi sheria za afya za mahali pale zinaruhusu.

Itazame sheria, basi, jinsi ilivyofika katika mlango wa jiko la Kiswahili baada ya miaka 70: imekubali kwamba baina ya kiporo na makombo upo mpaka, na mpaka wenyewe ni ganda na kifuko. Sisi hili tumelizoea katika sinia. Watoto watano wakiketi kwenye sinia moja, asiyependa kichwa cha samaki humsogezea nduguye, na mwenye njaa nyingi huumalizia upande wa mwenye njaa chache. Hakuna fungu la mtu peke yake, kwa hiyo ni nadra kuwapo fungu la kutupwa. Trei yenye vyumba, kila mtoto na yake, ilileta usafi na uadilifu wa kipimo, wala sizibezi neema hizo mbili. Lakini iliukata udugu wa sinia, na meza ya kushirikiana ni jaribio la kuurudisha kwa waraka wa serikali.

Deni la mtoto

Yapo makombo ambayo hayakuachwa na mlaji, nayo ndiyo yaliyoleta fedheha. Chakula cha shule nchini Marekani kwa miaka mingi kimetolewa kwa madaraja matatu kwa kadiri ya pato la wazazi: bure, bei iliyopunguzwa, na bei kamili, na mtoto wa daraja la kulipa ambaye akaunti yake imekauka huwa mdaiwa kabla hajajua kuandika barua. Januari 2014, katika shule moja ya msingi ya mji wa Salt Lake City, watoto wapatao 40, wakiwa wamekwisha kupakuliwa, walipokonywa trei zao kwa sababu ya deni. Na kwa kuwa chakula kilichokwisha kutolewa kwa mtoto mmoja hakikuruhusiwa kupewa mwingine, kikatupwa. Mtoto akakosa, chakula kikapotea, na deni likabaki pale pale. Kanuni ya fedha na kanuni ya usafi, kila moja ikiwa na maana yake ilipokaa peke yake, zilipokutana mbele ya mtoto zikazaa jambo ambalo hapana mtu mzima aliyeweza kulitetea, na wakuu wa elimu wa mji ule wakaomba radhi.

New Mexico ilikuwa jimbo la kwanza kuukataza mtindo huo kwa sheria, Aprili 2017: chakula cha mtoto kisitupwe kwa sababu ya deni, mtoto asipigwe muhuri mkononi wala kufanyishwa kazi ili kulipia mlo, na habari ya deni iongewe na mzazi. Kisha mwaka 2020 ukaja ugonjwa wa korona, na kwa muda wa zaidi ya miaka miwili serikali kuu iliruhusu watoto wote walishwe bila malipo. Ruhusa hiyo ilipokoma, California na Maine zilikuwa zimekwisha kupitisha, mwaka 2021, sheria za kuwalisha bure watoto wote wa shule zao za umma, na majimbo mengine yakafuata, kama Colorado, Minnesota na Michigan. Mahali ambapo chakula ni cha wote hapana daraja, na pasipo daraja hapana trei ya kupokonywa.

California ilikwenda mbele hatua moja zaidi. Sheria yake ya mwaka 2016, iliyokusudia kupunguza gesi ya methani itokayo majaani kwa vitu vinavyooza, iliyaingiza majiko ya shule katika orodha ya watoaji wakubwa wa chakula, na tangu Januari 2024 yanapaswa kuwa na makubaliano ya kukabidhi chakula chao kilichobaki na kinacholika kwa wanaolisha wahitaji. Pima umbali uliokwendwa: sheria ya 1996 ilimwambia mwenye kiporo kwamba akitoa hatashitakiwa, ya California inamwambia kwamba asipotoa ataulizwa. Ihsani imepandishwa cheo ikawa wajibu, si kwa huruma ya wenye njaa peke yake, bali kwa hofu ya joto la dunia.

Kengele na tufaha

Baada ya vifungu vyote hivyo chakula kingi bado kinatupwa, na wachunguzi wanapotafuta sababu hawazikuti katika vitabu vya sheria. Huzikuta katika kengele. Mtoto aliyepewa chini ya dakika 20 za kuketi huacha nyama, mboga na maziwa zaidi ya yule aliyepewa wasaa, na ole wake aliye mwisho wa foleni, kwani dakika zake huishia dirishani. Mtoto ajuaye kwamba mchezo unamngoja baada ya mlo humeza matonge mawili akakimbia; lakini mchezo ukitangulizwa, huja mezani na njaa na kiu, akala mboga ambayo jana aliidharau. Tufaha zima humshinda mtoto aliyeng'oka meno ya mbele, ilhali tufaha lile lile likikatwa vipande hulila lote. Maseneta wamepigania rojo la nyanya. Kisu cha kukatia tufaha hakijapata mtetezi katika baraza lao, nacho hupunguza makombo kuliko hotuba zao.

Na huku kwetu

Msomaji wa Afrika Mashariki asidhani kwamba kisa hiki ni cha ghaibu. Ziada ya mashamba ya Marekani ilivuka bahari: kwa sheria ya mwaka 2002 upo mpango wenye majina ya maseneta George McGovern na Bob Dole, unaopeleka mazao ya nchi ile kwa chakula cha shule za nchi nyingine, na shule za Kenya na za mkoa wa Mara, Tanzania, ni miongoni mwa zilizokula kwa mpango huo. Watu wazima wa Kenya wanayakumbuka maziwa ya Nyayo, yaliyoanza kugawiwa mashuleni mwaka 1979 kwa amri ya Rais Daniel arap Moi, wala hawajasahau jinsi yalivyoadimika hata yakakoma. Mwaka 2009 Kenya ilianza mpango wa kuzipa shule fedha zinunue chakula kwa wakulima wa karibu nazo. Tanzania inao mwongozo wa kitaifa wa chakula na lishe kwa wanafunzi, ambao unautegemea sana mchango wa wazazi: debe la mahindi, kilo za maharagwe, na fedha ya mpishi.

Huku israfu haionekani sana sahanini, kwani mtoto aliyetembea mwendo wa saa nzima asubuhi habakishi uji wa kikombe kimoja. Israfu yetu hulitangulia jiko. Ipo katika gunia lililoliwa na fukusi na dumuzi ghalani, katika mahindi yaliyoanuliwa kabla hayajakauka yakaota sumukuvu, na katika kilo ambazo huandikwa daftarini zisifike chunguni. Hata lile deni la mtoto tunalo: ziko shule ambazo mtoto ambaye mzazi wake hajatoa mchango husimama kando ya mti, akiwatazama wenzake wakilamba vikombe, na kama uji ukibaki, mara nyingine hupewa wa kuchelewa, na mara nyingine humwagwa mbele ya macho yake.

Basi neno langu ni kwa mzazi aketiye katika kamati ya shule, ambaye hana Bunge wala hazina, ila ana daftari na ufunguo wa ghala. Pimeni gunia linapoingia, mpime tena kinachoingia chunguni, mpime na ndoo inayotoka mahali pa kulia, myaandike yote matatu katika ukurasa mmoja ambao kila mzazi aweza kuusoma. Na siku mtakapojadili wasiolipa, mkumbuke watoto wale 40 wa Salt Lake City. Debe lidaiwe kwa mzazi, tena lidaiwe kwa bidii. Uji ukiisha kupikwa ni wa watoto wote.